Utumbo Hausahau Mkono: Niliyojifunza kwa Panya Wangu

Baba mkwe alipopasuliwa kwa sababu ya utumbo kujisokota, katika hospitali moja kule West Nile, Uganda, swali lililotawala wodi kwa siku tatu lilikuwa moja tu. Sista akipita asubuhi: "Mzee, umeshatoa hewa?" Mzee anatikisa kichwa. Jioni, swali lilelile. Mama mkwe akajifunika kanga uso mzima kwa aibu, habari za ushuzi zinaulizwa mbele ya wakwe! Mimi nilikuwa pembeni nikicheka kimoyomoyo, maana wiki iliyotangulia nilikuwa maabara Kampala, saa nane za usiku, tochi mdomoni, nikihesabu punje za kinyesi cha panya. Tulikuwa tunauliza kitu kimoja, mimi na sista. Tofauti ni kwamba panya hajibu.

Mimi ni daktari wa mifugo. Siku hizi wanafunzi wa uzamili hunitafuta wakitaka kuchunguza jinsi utumbo unavyorudi katika hali yake baada ya upasuaji, na karibu wote huanza na swali, "Nitumie mnyama gani?" Mimi huwauliza kwanza wana maana gani wakisema kupona.

Kuna anayetaka kujua mshono wa utumbo unashika lini. Huyo ana historia ndefu nyuma yake: mwaka 1887 William Halsted, Mmarekani, alichapisha kazi aliyoifanya kwa mbwa, akaonyesha kwamba nguvu ya mshono iko katika tabaka lililo chini ya utando wa ndani, na sindano isiposhika hapo umeshona hewa. Siku tatu nne za mwanzo ndizo za hatari, kwa sababu kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoshikilia nyama, ya zamani inayeyushwa kabla mpya haijawekwa ya kutosha. Ila ukichukua panya kwa swali hili ujue panya ana mwili mgumu. Mshono wake huvuja mara chache sana hata ukishona ovyo. Panya wako wote wakipona, usiwahi kuisifu dawa yako. Kuna mwingine anayeuliza utumbo uliokatwa sehemu kubwa unajirefusha vipi vinyweleo vyake vya ndani vya kufyonza chakula ili ufidie kilichoondolewa. Hapo panya anafaa vizuri, na kama wazo lako ni watoto wachanga, tafuta vitoto vya nguruwe ukiwa na pesa ya kuwalisha.

Swali langu lilikuwa lile la sista: utumbo unaanza lini kusukuma tena? Kwa binadamu, utumbo mwembamba huamka mapema, mara nyingi ndani ya siku moja. Tumbo lenyewe, yaani mfuko wa chakula, huchukua siku moja au mbili. Utumbo mpana ndio mvivu, hungoja hadi siku ya tatu au zaidi. Ndiyo maana wodi nzima ilikuwa inasubiri ushuzi wa mzee.

Kwa panya, jaribio lenyewe linashangaza kwa wepesi wake. Hukati utumbo. Unafungua tumbo, unautoa utumbo mwembamba, unaulaza juu ya shashi yenye maji ya chumvi, kisha unausukuma taratibu kwa vijiti viwili vya pamba iliyoloweshwa, kutoka juu hadi chini. Unaurudisha, unashona, basi. Kushikwa huko peke yake kunatosha kuulaza. Kwanza neva zinauzuia kwa muda mfupi. Baada ya saa chache inakuja awamu ndefu: seli za kinga zinazoishi ndani ya misuli ya utumbo zinaamka, zinaita seli nyeupe za damu, na misuli inavimba na kulegea. Watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walilionyesha hili kwa panya mwishoni mwa miaka ya 1990, tena wakaona kwamba kadiri utumbo unavyoshikwa zaidi ndivyo uvimbe unavyozidi.

Sasa fikiria maana yake. Katika jaribio hili mkono wako ndio ugonjwa.

Mimi sikufikiria. Awamu ya kwanza tulikuwa tunajaribu dawa ya mitishamba, na wapasuaji tulikuwa wawili, mimi asubuhi na mwenzangu mchana. Yeye ana mkono wa pamba. Mimi nimezoea kuvuta ndama aliyekwama tumboni. Tukafuata mpangilio wa vizimba, na kwa bahati mbaya vizimba vya kundi la dawa vilimwangukia yeye karibu vyote. Matokeo yakatoka mazuri ajabu, dawa yetu ya mitishamba inaamsha utumbo! Nilishaanza kutunga kichwa cha makala. Kisha nikafungua daftari nikaona herufi za majina yetu pembeni ya kila panya. Kilichoamsha utumbo ni upole wa mwenzangu. Panya 18 walikufa bure, na jambo hilo liliniuma kuliko pesa ya ruzuku.

Kwa hiyo mpasuaji awe mmoja, saa ukutani, dakika zilezile kwa kila mnyama. Zamu zipangwe kwa kura. Anayepima asijue panya katoka kundi gani. Na usiwe na makundi mawili tu. Weka la waliolazwa kwa dawa ya usingizi bila kukatwa, na la waliofunguliwa tumbo bila utumbo kushikwa. Kundi la usingizi wengi huliruka, wakati sisi wa mifugo tunajua vizuri ng'ombe aliyechomwa zailazini, dawa ya kumlegeza na kumlaza, anavyojaa gesi. Zailazini hiyohiyo ndiyo tunayowachanganyia panya na ketamini, dawa nyingine ya usingizi. Inatuliza utumbo kabla hujagusa kisu.

Dawa ya maumivu ndiyo inayowapasua watu vichwa. Zile za jamii ya morfini huchelewesha utumbo, na za kupunguza uvimbe hupunguza uvimbe uleule unaoutafiti. Nimemsikia mwanafunzi akisema basi bora asitoe. Hapana, na kamati ya maadili ikikubali pendekezo la namna hiyo nitaishangaa. Chagua moja, wape makundi yote kipimo kimoja, uandike. Jifunze pia kusoma uso wa panya: macho yakibanwa, masikio yakikunjwa, mashavu yakilala, anaumia. Vipimo vya sura hiyo vipo tangu 2010 kwa panya wadogo na 2011 kwa wakubwa.

Kuhusu njaa: panya hatapiki, hana uwezo huo, kwa hiyo kumfungisha usiku mzima kama mgonjwa wa hospitali hakumsaidii kitu. Na ukimnyima chakula ukamwachia maranda, atakula maranda. Atakula na kinyesi chake. Niliwakuta tumbo limejaa vipande vya mbao nikidhani ni dawa imeshindwa kazi.

Umeme nao. Panya akiwa usingizini hupoteza joto haraka, na panya baridi ana utumbo baridi. Siku taa zilipozimika katikati ya kazi tulijaza maji ya moto kwenye chupa za soda, tukazifunga taulo, na tangu hapo chupa ziko tayari hata umeme ukiwepo.

Kupima, sisi hatukuwa na mashine ya kusoma rangi inayong'aa, tukatumia uji wa mkaa: unamnywesha kwa mrija, unasubiri dakika zilizopangwa, kisha unapima weusi umefika wapi katika urefu wa utumbo mwembamba. Ni rahisi na inaaminika, ila utumbo ni mpira. Ukiuvuta kidogo unapouweka mezani, umebadilisha jibu. Ulaze kwenye karatasi yenye maji, usiuvute.

Usije pia ukasema umetatua shida ya wodi zetu. Panya wako alikuwa mzima. Wagonjwa wetu wengi hufika usaha umeshajaa tumboni. Mlipuko wa taifodi kule Kasese mwaka 2008 na 2009 uliwatoboa watu wengi utumbo. Hali hiyo inahitaji jaribio jingine na kibali kingine, kutoka kamati ya chuo hadi baraza la taifa la sayansi, UNCST.

Na kabla ya panya wa kwanza, nenda kwa muuza matumbo. Mimi nilikuwa nanunua ya mbuzi Wandegeya kila Ijumaa, nashona, nakata, nashona tena mpaka vidole vikatulia. Mama muuzaji aliniuliza mara moja napika kwa watu wangapi. Nilipomweleza, akanipunguzia bei, akasema yaliyochanika anaweza kunipa bure.