Jibu: Tuwashukuru vipi wahudumu wa zahanati?

Ndugu yangu, umeuliza kikundi chenu hapo Ruangwa, mkoani Lindi, kiwape nini wahudumu wa zahanati waliosimama nanyi wakati wa mlipuko wa ugonjwa. Kwanza, bahasha acheni. Mtumishi wa umma akipokea fedha za wagonjwa, hata kwa nia njema, anaweza kujikuta akijieleza TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Muoneni mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, ulizeni kilichopungua, mkabidhi mbele ya kamati ya kituo.

Mnaikumbuka Julai 2022, homa ya mgunda (leptospirosis) ilipotangazwa wilayani kwenu: wagonjwa 20, vifo 3. Kabla majibu ya vipimo hayajarudi, watu wanatokwa damu puani na hakuna anayejua ni ugonjwa gani, muuguzi yupo palepale.

Mimi ningeanza na wafanya usafi. Pongezi zote humwendea daktari. Anayedeki matapishi na kufua mashuka hata jina hatumjui. Mnunulieni buti za mpira (ulizeni saizi jamani, msimpe namba kumi mtu wa namba sita), glavu nzito na sabuni.

Ming'oko, vile viazi vya porini, na wali wa nazi visubiri. Ikiwa ni kipindupindu, chakula cha nje hakiingizwi ovyo kwenye kambi ya wagonjwa. Korosho zilizobanguliwa na kufungwa vizuri sawa, nanyi ndio wenye korosho.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale wa nyumba kwa nyumba, wafungulieni mlango na msiwafiche mgonjwa.

Halafu andikeni barua kwa mganga mkuu wa wilaya, mtaje majina, muombe nakala iwekwe kwenye faili la kila mmoja.