Re: AFBC inagoma kwenye 1920x1080

Mkuu, umesema ukiwasha AFBC (mbinu ya Arm ya kubana picha za skrini kwenye kumbukumbu) kwa 1920x1080, mistari michafu inatokea chini ya skrini. Inatokana na 1080 kutogawanyika kwa 16. AFBC kwa kawaida hubana picha kwa bloku za pikseli 16x16. Upana uko sawa, ni bloku 120 kamili, lakini urefu ni bloku 67 na nusu, na nusu bloku haipo. Tenga bafa (eneo la kumbukumbu la picha) ya mistari 1088, yaani safu 68 za bloku. Hapo unapata bloku 8,160, na kila moja ina kichwa (header, maelezo ya bloku hiyo) cha baiti 16, kwa hiyo vichwa peke yake ni baiti 130,560. Data ya picha yenyewe huanza baada ya hapo. Ukikokotoa kwa 1080 kama ulivyofanya, umepunja kumbukumbu.

Skrini yenyewe iache 1080. Mistari 8 ya ziada ikatwe wakati wa kuonyesha.

Kuhusu swali lako la fremu inayoanza pikseli ya 8, yaani katikati ya bloku: kama chipu yako haiwezi kukata katikati ya bloku, ikatae ndani ya atomic_check (hatua ambapo draiva ya skrini ya Linux hukagua ombi kabla ya kulitekeleza) kwa kurudisha -EINVAL, kosa la "ombi batili". Usisubiri commit, hatua ya kutekeleza (nimeshajichoma hapo), maana huko hakuna tena nafasi ya kukataa. Ukikataa mapema, programu ya juu (ile inayopanga madirisha kwenye skrini) itajaribu bafa isiyobanwa au itaiachia GPU kazi ya kuchora picha.