Kwa Wanaoanza Kuisoma Katiba ya Marekani: Ibara ya Tano Isomeni Neno kwa Neno

Katika mtihani wangu wa kwanza niliandika kwamba marekebisho ya Katiba ya Marekani hupelekwa kwa Rais ayatie saini. Msahihishaji aliizungushia sentensi hiyo wino mwekundu, akaandika pembeni maneno mawili tu: "Ibara gani?" Niliipekua Ibara ya Tano, ile inayoeleza jinsi Katiba inavyorekebishwa, mwanzo hadi mwisho nisimwone Rais popote, na baadaye nikagundua kwamba Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua tangu mwaka 1798 kuwa saini yake haihitajiki.

Tangu hapo husoma kwa kutenganisha vitenzi viwili, kupendekeza na kuridhia, kwani wageni wengi huvichanganya pamoja na hesabu zake. Kupendekeza huhitaji theluthi mbili ya kura katika kila baraza la Kongresi, yaani bunge la taifa, au mkutano maalumu unaoitishwa kwa maombi ya theluthi mbili ya majimbo, njia ambayo haijawahi kutumika. Kuridhia huhitaji robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50, na Kongresi ndiyo inayochagua kama kazi hiyo itafanywa na mabunge ya majimbo au na mikutano maalumu ndani ya majimbo hayo. Mikutano hiyo imetumika mara moja tu, mwaka 1933, kuondoa marufuku ya pombe.

Kesi ninayowashauri muitulie ni ya Ohio. Mwaka 1919 bunge la jimbo hilo liliridhia Rekebisho la 18, lile lililoleta marufuku yenyewe, lakini katiba ya jimbo ilitaka uamuzi wa namna hiyo uweze kupelekwa kwa wananchi, nao walipopiga kura wakaukataa. Mwaka 1920 Mahakama ya Juu ilisema kura hiyo haina nguvu, kwa kuwa bunge la jimbo linaporidhia halitungi sheria, bali linatekeleza mamlaka liliyopewa na Katiba ya taifa, ambayo katiba ya jimbo haiwezi kuyawekea sharti. Mimi naona hapo ndipo uhusiano wa taifa na majimbo unapoonekana waziwazi kuliko katika nadharia yoyote.

Muda nao huwachanganya wengi. Rekebisho la 27, kuhusu malipo ya wabunge, lilipendekezwa mwaka 1789 bila ukomo wa muda wa kuridhiwa na likakamilika 1992, ilhali lile la usawa wa kijinsia la mwaka 1972 lilipewa miaka saba. Kabla ya kubishana, angalieni kwanza kama ukomo upo, na kama umeandikwa ndani ya rekebisho lenyewe au katika azimio linaloliwasilisha.

Msiache pia maneno ya mwisho ya ibara: hakuna jimbo litakalonyang'anywa usawa wake wa kura katika Seneti bila ridhaa yake, hata majimbo mengine 49 yakikubaliana. Iwapo kifungu hicho chenyewe kinaweza kufutwa kwanza kwa rekebisho jingine, ni swali ambalo mkiwauliza wanasheria wawili, jiandaeni kukesha.