Anza na vizibo vya soda

Mwalimu, umeuliza ni michezo gani itawafundisha vijana wako maendeleo endelevu bila hotuba, na uwanja ulio nao ni ua wa kanisa tu. Mimi nina kundi la Jumamosi huku Eastlands, Nairobi, wengi wao wa shule ya msingi na wachache wa sekondari. Ninachoshikilia ni kimoja: somo liwe ndani ya sheria za mchezo. Ukiwachezesha kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, halafu ukawahubiria mazingira, watakumbuka kati.

Ninaouamini zaidi ni mchezo wa ziwa. Chora duara kubwa kwa chaki, mwaga ndani vizibo 40 vya soda. Hao ni samaki. Gawa timu nne, kila moja na kona yake. Filimbi ikilia, mvuvi mmoja wa kila timu anakimbia, anachota anavyotaka, anarudi navyo. Waliobaki ziwani wanazaana: hesabu vizibo, ongeza vingine idadi ileile, ila visizidi 40. Kisha wavuvi wengine. Mshindi ni timu yenye samaki wengi baada ya misimu 10. Usiongeze neno.

Mara ya kwanza ni vita. Watu wanajitupa chini, wengine wanabeba kwa kofia, na msimu wa tatu haujafika ziwa limebaki saruji tupu. Watakuangalia kama wewe ndiye umeharibu mchezo. Waanzishe upya, lakini wape dakika tano za kushauriana. Kwangu walizozana weee, mpaka msichana mmoja aliyekuwa amechuchumaa akipanga vizibo akasema, "Tukichukua watano watano wanabaki ishirini, wanazaa, wanarudi arobaini." Hesabu ndiyo hiyo. Ila kuna kijana aliyekuwa akificha wa sita ndani ya soksi, kwa hiyo wakaweka askari wa ziwa na adhabu ya kukosa msimu mmoja. Hakuna mtu mzima aliyewaambia. Elinor Ostrom alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009 kwa kazi iliyoonyesha jambo hilohilo: wanaotumia msitu, malisho au maji kwa pamoja wanaweza kujitungia sheria na kuchungana. Wakikuambia ni mchezo tu, wakumbushe Ziwa Naivasha hapo, ambako uvuvi ulisimamishwa mwaka 2001 samaki walipopungua.

Wa pili ni wa maji. Toboa makopo kwa msumari, wapokezane maji kwa makopo hayo kutoka ndoo hadi ndoo. Wataziba matundu kwa vidole, watalowa, watapiga kelele. Mtoto wa Nairobi anayejua mgao wa maji hahitaji kuelezwa bomba linalovuja kati ya bwawa la Ndakaini na jerikeni ya mama yake lina maana gani. Maji yaliyofika yaishie kwenye miche. Ukiyamwaga hapo mbele yao, watakucheka, na wana haki.

Mbio za kutenganisha taka mimi sizipendi sana. Wanakariri rangi za ndoo basi. Kama wana timu ya mpira, iga mtaa wa Mathare, Nairobi. Kule MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanza mwaka 1987, timu hujipatia alama za ligi kwa kusafisha mtaa pia, kwa hiyo anayekwepa koleo anaiangusha timu yake kwenye jedwali. Nunua glavu kwanza, na ukingoni mwa Mto Nairobi usiwapeleke baada ya mvua.

Bango la yale malengo 17 ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa liache kabatini hadi wamalize kucheza, kisha waulize wenyewe ziwa linaingia lengo gani. Na wale wa sekondari wakiona aibu kukimbia na watoto, wape filimbi na kazi ya kuhesabu samaki. Kufikia msimu wa nne watakuwa wanadai nafasi ya kuvua.