Wape Jumamosi moja kwanza

Kibosho, Moshi

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema klabu ya kuandika programu za kompyuta hapo chuoni Arusha inajaa kila Jumamosi, lakini ukigusia uchaguzi tu wote wanainamia kompyuta zao, na wewe Julai unamaliza. Unauliza utawapataje viongozi.

Ninavyowaona wenzako kwa simulizi zako, kazi hawaikatai. Wanachohofia ni kuulizwa swali mbele za watu wakakosa jibu. Anayekwama anakuita wewe, mada unachagua wewe, hata projekta unafunga wewe. Basi wanadhani mwenyekiti lazima awe anajua kuliko wote.

Kwa hiyo usitangaze nafasi. Mfuate mtu pembeni, umwambie jambo uliloliona kwake. Yule kijana wa mwaka wa pili aliyekaa na mgeni mpaka wakagundua kosa ni mabano yasiyofungwa: mtajie hilo hilo, kisha mpe Jumamosi moja aiongoze. Moja tu. Mada achague mwenyewe, hata kama wewe usingeichagua. Kaa nyuma, na akikutupia jicho umwokoe, nyamaza. Hapo ndipo pagumu, mama, kwa sababu jibu utakuwa nalo mdomoni. Mwache aseme "sijui, tutafute pamoja", na wengine waone hakuna aliyemcheka.

Kwenye chama chetu cha kahawa kijana haanzi na ukatibu. Anaanza mizani: anasoma kilo kwa sauti, mkulima akisikia, mwenzake anaandika kitabuni. Msimu ukiisha anajulikana, na kwenye mkutano mkuu wanaolitaja jina lake ni wakulima.

Halafu kumbuka ulichonisimulia Krismasi, habari za Guido van Rossum, yule Mholanzi aliyeanzisha Python, lugha ya kuandikia programu. Aliitoa kwa watu mwaka 1991, akaiongoza miaka yote hiyo, na 2018 aking'atuka hakuteua mrithi. Wenzake walijadiliana, wakapiga kura, na tangu 2019 inaongozwa na baraza la watu 5 wanaochaguliwa. Yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa mmoja wa wale 5 wa kwanza. Lugha inayotumika dunia nzima haikumtafuta mtu mmoja wa kubeba yote, nanyi msimtafute. Mmoja ashike mada, mwingine wageni wa mwaka wa kwanza, mwingine chumba na vifaa. Na wasichana usiwarundike kwenye ukatibu kwa mazoea. Nao wasimame mbele wafundishe kama wengine.

Anza sasa, ungali upo wa kuulizwa. Nywila za akaunti za klabu zikabidhiwe mapema, kwa watu wawili, zisije zikaondoka na simu yako.

Mama yako anakusalimu sana. Niandikie umempa nani Jumamosi ya kwanza, na ameamua kufundisha nini.

Baba yako