Picha nene ya rangi ya mafuta kutoka Ulaanbaatar: je, iviringishwe na kupakwa vanishi kabla ya safari?

SWALI: Ninafanya kazi Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, na nitarudi nyumbani Mombasa mwezi Januari. Nimenunua kwa mchoraji mwenyewe picha ya rangi ya mafuta yenye ukubwa wa sentimita 100 kwa 80, ambayo aliikamilisha miezi michache iliyopita. Ni mandhari ya nyika, lakini vitu havikuchorwa waziwazi: juu ni buluu nyepesi iliyopakwa kwa rangi ya majimaji, na chini ni rangi ya udongo na nyekundu ya kutu zilizorundikwa kwa kisu, ambamo mtu akitaka ataona mlima au kundi la farasi. Buluu haina mng'ao, ilhali sehemu ya chini inang'aa. Fundi wa fremu anashauri aipake vanishi ili mng'ao ulingane, kisha aitoe kwenye mbao zinazokaza kitambaa chake na kuiviringisha ndani ya bomba. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie katika lolote kati ya hayo mawili. Kwa macho ya mhifadhi wa kazi za sanaa, ulichonunua ni picha mbili zilizoshikana kwenye kitambaa kimoja, na ushauri wa fundi wako unazichukulia kana kwamba ni moja.

Nianze na mng'ao. Anga la picha yako limefifia kwa sababu mchoraji aliizimua rangi kwa tapentaini, na tapentaini ilipoyeyuka hewani, mafuta machache yaliyobaki yalinyonywa na msingi, yaani tabaka linalopakwa kwenye kitambaa kabla ya kuchora. Udongo unang'aa kwa sababu rangi ilitoka kwenye tyubu na mafuta yake yote. Katika mandhari ya namna hii, ambayo mchoraji ameondoa karibu kila kitu cha kutambulika na kubakiza upeo wa macho, tofauti kati ya anga lililokauka na ardhi yenye unyevu wa mafuta ni sehemu ya mchoro wenyewe. Ndiyo inayosukuma anga nyuma na kuileta ardhi mbele. Vanishi yenye kung'aa itaifuta tofauti hiyo kwa dakika chache. Muulize mchoraji, maana yuko hapo karibu nawe, na umwombe akuandikie jibu lake pamoja na aina ya rangi, kitambaa na msingi alivyotumia. Karatasi hiyo itamfaa sana mtu yeyote atakayeitengeneza picha baadaye.

Hata kama mchoraji angeitaka vanishi, wakati wake haujafika. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Hukauka kwa mafuta ya kitani kupokea oksijeni ya hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Anga lako jembamba huenda limekwisha kuwa imara, lakini rundo la rangi lenye unene wa milimita kadhaa hufanya ngozi juu huku ndani likiwa bado laini, na hali hiyo inaweza kudumu kwa miaka. Desturi ni kusubiri miezi 6 hadi 12 kwa rangi ya unene wa kawaida, na zaidi kwa iliyorundikwa. Vanishi ikipakwa mapema hushikamana na rangi changa, kisha siku ya kuiondoa, kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuyeyushia vanishi, huondoka na rangi pia.

Kuhusu kuviringisha, sishangai kusikia wazo hilo Mongolia. Picha za kidini za huko ziliundwa tangu mwanzo ili ziviringishwe na kubebwa: rangi za mawe yaliyosagwa, zilizofungwa kwa gundi, hupakwa kwa tabaka jembamba juu ya kitambaa cha pamba. Hata mchoraji wa Mongolia Marzan Sharav, aliyefariki mwaka 1939 na ambaye picha yake mashuhuri ya maisha ya nyikani imo katika Jumba la Makumbusho la Zanabazar mjini Ulaanbaatar, alifanya kazi kwa rangi za mawe juu ya pamba. Rangi ya mafuta ilienea baadaye kwa mafunzo ya Kisovieti, na haikuja na tabia hiyo ya kukubali kuviringishwa. Ukiizungusha picha yako, anga litapinda bila shida, lakini marundo ya rangi hayawezi kupinda. Yatapasuka kwenye kingo zake au kubanduka kutoka kwenye msingi.

Baridi huongeza hatari. Usiku wa Januari mjini Ulaanbaatar joto huweza kushuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Misingi mingi ya siku hizi ni ya akriliki (aina ya plastiki), ambayo huwa migumu na yenye kuvunjika hata kabla ya kufika nyuzi sifuri. Pigo dogo kwenye uwanja wa ndege, ambalo sebuleni lisingedhuru chochote, huweza kuacha nyufa za duara.

Kwa hiyo isafirishwe ikiwa bapa, juu ya mbao zake. Fundi atengeneze fremu ya safari yenye kina kirefu kuliko unene wa rangi, ili kitu chochote kisiguse uso wa picha. Zile plastiki zenye vipovu vya hewa huacha alama za duara kwenye rangi laini. Nyuma afunge ubao mwepesi ili kitambaa kisitikisike, kisha yote yaingie kwenye sanduku lenye sponji nene pande zote. Ni ghali, najua. Ukifika Mombasa, usifungue sanduku kwa saa 24, kwa sababu hewa yenye unyevu ikigusa picha baridi hutoa matone juu yake.

Baada ya hapo tatizo linageuka. Nyumba za Ulaanbaatar zinazopashwa joto huwa kavu mno, na kitambaa kilichozoea ukavu huo kinaweza kulegea pwani. Watu wengi hukimbilia kugonga zile kabari ndogo zilizo kwenye pembe za mbao ili kukikaza. Usiziguse kwa miezi ya kwanza: kitambaa kilichokazwa wakati wa unyevu huvutwa kupita kiasi hewa inapokauka, hasa katika chumba chenye kiyoyozi. Itundike kwenye ukuta wa ndani, ukiacha nafasi ya hewa nyuma yake, mbali na mkondo wa kiyoyozi, na wakati wa masika ukague mgongo wake kama kuna kuvu. Kipande cha rangi kikidondoka, kihifadhi ndani ya bahasha, uandike kimetoka sehemu gani, wala usikibandike kwa gundi ya dukani.