Ngozi ya maabara kwa vitiligo: hakikisha kwanza mabaka yametulia

Mkuu, umeuliza kama ngozi iliyokuzwa maabara inaweza kurudisha rangi kwenye mabaka meupe ya shingoni na vidoleni ambayo krimu na tiba ya mwanga vimeshindwa. Shingoni inawezekana. Vidoleni usitarajie makubwa.

Vitiligo hutokea kinga ya mwili inapoua melanosaiti, seli zinazotengeneza rangi. Kupandikiza hakuizuii kinga hiyo. Kunaleta seli mpya tu, na kama mashambulizi yanaendelea nazo zitauawa. Ndiyo maana madaktari wengi hutaka angalau miezi 12 bila baka jipya, bila la zamani kutanuka, na bila mikwaruzo kuacha alama nyeupe. Hilo la mwisho watu hulisahau: kama unapojikwaruza panageuka peupe, hata pale itakapochukuliwa ngozi panaweza kuwa baka. Usitegemee kumbukumbu. Piga picha kila miezi 3, mwanga uleule, rula pembeni. Penye shaka, daktari hupandikiza vipande vichache vya milimita 1 hivi katikati ya baka, kisha husubiri miezi 3 aone kama rangi inatambaa. Vitiligo ya upande mmoja wa mwili kwa kawaida hutulia mapema, na ndiyo inayoitikia vizuri zaidi.

Kazi yenyewe huanza na kipande chembamba cha ngozi yenye rangi, mara nyingi cha pajani au makalioni. Seli hutenganishwa kwa tripsini, kimeng'enya kinachoziachanisha, kisha hukuzwa wiki 2 hadi 3 hivi mpaka ziwe utando. Hapa maabara hupimwa uwezo: keratinosaiti, seli zinazojenga ngozi ya juu, huzaliana upesi na kuzizidi melanosaiti kwa wingi, na utando wa namna hiyo huziba kidonda bila kuleta rangi yoyote. Japani iliidhinisha utando wenye melanosaiti mwaka 2023.

Siku ya kupandikiza, ganzi hupigwa na ngozi ya juu ya baka huondolewa kwa leza au kisagio mpaka vitokee vitone vidogo vya damu. Kusipofika hapo seli hazishiki. Kukichimbwa zaidi, kovu. Utando hufunikwa kwa shashi na sehemu hiyo haichezeshwi kwa wiki moja hivi. Vidole vinakunjwa kila mara, ndiyo maana utando huteleza. Usaha nao huuharibu wote.

Rangi huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa na huendelea kujaa kwa miezi, hasa ukisaidiwa na mwanga wa UVB wa nanomita 311. Huenda ikawa nyeusi kuliko ngozi ya jirani, au ukabaki mstari mweupe ukingoni. Kama una historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, sema mapema.

Binafsi nisingekimbilia maabara kwa baka dogo la shingo. Uliza kwanza kuhusu mchanganyiko wa seli zisizokuzwa: ngozi huchukuliwa, hutenganishwa na kupandikizwa siku hiyohiyo, na kipande kimoja hufunika eneo kubwa mara 5 hadi 10 kuliko chenyewe. Kukuza seli kunalipa pale mabaka yanapokuwa mapana na ngozi ya kuchukua ni chache.